NUSUKAPUTI NA MAPAFU YA MTU ALIYEPASULIWA TUMBO

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wasomaji wa gazeti letu watanisamehe nikianza makala hii ya elimu kwa habari ya nyumbani kwetu. Sikuitafuta elimu hii kwa ajili ya mtihani, bali kwa ajili ya ugomvi wa ukoo. Likizo iliyopita babu yangu, mzaa baba, alishikwa ghafula usiku na maumivu makali ya tumbo, na tumbo lake likawa gumu kama ubao. Kulipokucha tulimfikisha hospitali, na waganga wakatuambia kwamba kidonda alichokuwa nacho katika tumbo la chakula kimetoboka, na kwamba hapana budi apasuliwe siku ile ile. Akapasuliwa, tundu likazibwa, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini siku ya tatu alipandwa na homa, pumzi zake zikawa fupi fupi na za haraka, na mganga akasema kuwa ameshikwa na kichomi, yaani nimonia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Shangazi alisema, "Tumbo limepona, lakini ile nusukaputi imemharibu mapafu." Baba mdogo akauliza kwa nini Babu hakuchomwa sindano ya mgongoni, kama alivyochomwa mkewe alipojifungua kwa kupasuliwa, maana yeye alikuwa macho muda wote, na siku ya pili alikuwa akitembea. Wengine wakasema kwamba waganga wamekosea. Mimi, kwa kuwa nasoma sayansi, niligeukiwa na wote kana kwamba najua, kumbe sijui neno. Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Mwisho wa makala nitasema ni nani aliyekosea, kwa maana yupo.

MAPAFU NA KAZI YAKE

Mapafu ya mtu si kama mpira wa miguu, wenye nafasi moja tupu ndani. Yafanana zaidi na sifongo, kwa kuwa ndani yake mna vifuko vidogo sana vya hewa, na hesabu yake ni mamia ya mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu, na hapo ndipo oksijeni inapoingia katika damu na hewa chafu inapotoka. Kifuko kikiwa wazi, hufanya kazi. Kikisinyaa, kuta zake zikagandamana, damu hupita kando yake bila ya kupata kitu, kama mteja apitaye mbele ya duka lililofungwa.

Chini ya mapafu pana msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Wataalamu huuita diaframu. Ukijikaza hushuka, kifua hupata nafasi, na hewa huingia. Ukilegea hupanda, na hewa hutoka. Lakini hewa haitoki yote. Mtu mzima aliyesimama, akiisha kutoa pumzi ya kawaida, hubakiwa na hewa ya lita mbili na nusu au tatu hivi ndani ya mapafu. Hewa hiyo ni akiba, nayo ndiyo inayozuia vifuko visifunge.

Tena njia za hewa zina ute unaonasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo sana vinavyousukuma ute huo kuelekea kooni, kama wafagiaji wasiopumzika. Ute ukizidi, mtu hukohoa. Kwa hiyo kukohoa si ugonjwa, ni ufagio. Kadhalika, mara kwa mara mtu hushusha pumzi ndefu bila ya kujua, na pumzi hiyo huvifungua tena vifuko vilivyoanza kusinyaa. Namwomba msomaji ayaweke moyoni mambo haya matatu: hewa ya akiba, ufagio wa kikohozi, na pumzi ndefu. Yote yatakayofuata yanayategemea haya.

HABARI ZA ZAMANI KIDOGO

Hapo kale mtu aliyepasuliwa alishikwa na watu wenye nguvu, na mganga aliyesifiwa sana ni yule mwenye mkono mwepesi. Tarehe 16 Oktoba, 1846, mjini Boston, Marekani, mganga wa meno aitwaye William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya waganga wengi, na John Collins Warren akamkata mgonjwa huyo uvimbe wa shingo bila ya ukelele. Mwaka uliofuata, 1847, James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu. Mwaka 1898 August Bier, katika mji wa Kiel huko Ujerumani, alidunga dawa ya kokeini katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, na mgonjwa akafa ganzi sehemu za chini hali yu macho. Basi tangu siku hizo waganga wana njia mbili kubwa: ya kumlaza mtu mzima mzima, na ya kuifisha ganzi sehemu yake tu.

Maumivu yalishindwa, lakini adui mwingine alionekana. Mwaka 1908, na tena mwaka 1910, mganga mmoja wa London, William Pasteur (msomaji asimchanganye na Louis Pasteur wa Ufaransa), alieleza jinsi mapafu yanavyosinyaa baada ya tumbo kupasuliwa, akadhani sababu ni udhaifu wa nguvu za kuvuta pumzi. Mwaka 1933 Henry Beecher wa Marekani alipima hewa ya mapafu ya watu waliofunguliwa tumbo, akaiona imepungua sana. Ajabu yake ni hii, kwamba kisu kilipita tumboni, wala hakikugusa kifua.

KWA NINI MAPAFU HUDHURIKA

Sababu si moja. Zimefuatana kama shanga katika uzi.

Kwanza ni kule kulala chali. Mtu akilala chali, matumbo hulemea diaframu, na ile hewa ya akiba hupungua kwa robo tatu ya lita au karibu yake.

Pili ni usingizi wenyewe. Dawa zikimwingia, misuli ya kifua na diaframu hulegea, na akiba hupungua tena karibu nusu lita. Hapo vifuko vilivyo chini na nyuma ya mapafu huanza kufunga. Katika miaka ya 1980 Göran Hedenstierna na wenzake huko Sweden waliwapiga watu waliolazwa kwa nusukaputi picha za eksrei zinazochorwa na kompyuta. Walikuta mapafu yamesinyaa kwa sehemu katika watu wapatao 9 kati ya 10, hata wale wenye mapafu mazima, na jambo hilo hutokea katika dakika chache tu za mwanzo.

Tatu ni oksijeni tupu. Hewa tuivutayo kila siku ni naitrojeni kwa asilimia 78 hivi, na naitrojeni haiingii upesi katika damu, kwa hiyo hubaki ndani ya kifuko kama nguzo inayoshikilia paa. Mgonjwa akivutishwa oksijeni tupu, yote hunyonywa na damu, na kifuko kilichozibwa njia huporomoka. Hata hivyo waganga hawawezi kuiacha kabisa, kwa kuwa ndiyo inayomlinda mgonjwa dakika zile anapolazwa na kuingizwa mpira kooni.

Nne ni dawa za kulegeza misuli. Mwaka 1942, mjini Montreal huko Kanada, Harold Griffith alianza kutumia katika operesheni dawa iliyotokana na sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika ya Kusini. Faida yake kubwa ni kwamba tumbo huwa laini, na mpasuaji hufanya kazi yake bila ya mgonjwa kutiwa dawa nyingi ya usingizi. Lakini dawa hiyo ikibaki mwilini kidogo baada ya mtu kuamka, huwa hana nguvu za kukohoa wala za kumeza vizuri. Ndiyo maana kabla ya kumwamsha hupewa dawa ya kuiondoa, na penye chombo cha kupima nguvu za misuli, mganga hukitumia.

Tano ni mambo ya baada ya kuamka. Kidonda huuma, na kila pumzi ndefu hukivuta. Basi mgonjwa huvuta pumzi ndogo ndogo kama mtu aliyefungwa mkanda kifuani. Hakohoi, hajigeuzi, hashushi pumzi ndefu. Tena mkato ukiwa sehemu ya juu ya tumbo, karibu na mbavu, diaframu yenyewe hudhoofika kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo kupasuliwa juu ya kitovu kuna hatari zaidi kwa mapafu kuliko kupasuliwa chini ya kitovu. Nayo mofini, dawa njema ya maumivu, ikizidi hupunguza hamu ya kuvuta pumzi. Hatimaye ute hulala mapafuni, vijidudu huzaana ndani yake, na siku ya pili au ya tatu homa hupanda.

NJIA ZA KUONDOA MAUMIVU

Sasa tutazame njia zenyewe, na kila moja inavyohusiana na mapafu.

Njia ya kwanza ni usingizi mzito. Mgonjwa hupewa dawa ya mshipani au mvuke, hutiwa mpira katika koo la hewa, na mashine humvutia pumzi. Madhara yake nimekwisha kuyaeleza. Lakini ina fadhila moja isiyosahaulika. Mpira ule una puto dogo linaloziba njia, hata vitu vya tumboni vikipanda visiingie mapafuni. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alionyesha jinsi uchachu wa tumbo unavyoyaunguza mapafu ya akina mama wanaotapika hali wamelala kwa dawa. Kwa mtu ambaye tumbo lake halikuwa tupu, puto hilo ni ngao. Vile vile baadhi ya mvuke za usingizi, kama halotheni iliyoanza kutumiwa mwaka 1956, huzipanua njia za hewa, jambo linalomfaa mwenye pumu.

Njia ya pili ni sindano ya uti wa mgongo. Dawa hudungwa chini kidogo ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha koma, na mtu hufa ganzi kuanzia tumboni kwenda miguuni. Yeye huvuta pumzi zake mwenyewe, hukohoa mwenyewe, wala hatiwi mpira. Kwa kupasuliwa uzazi, ngiri, na kazi nyingine za chini ya kitovu, ni njia nzuri sana, tena haina gharama kubwa. Lakini kwa kazi ya juu ya tumbo, ganzi haina budi ipandishwe mpaka kifuani. Ikipanda hivyo, misuli ya mbavu na ya tumbo hulegea, kikohozi hukosa nguvu, na shinikizo la damu huweza kushuka sana. Pamoja na hayo, mgonjwa aliye macho huweza kusikia kuvutwa ndani ya tumbo, akachafukwa na moyo, akatapika.

Njia ya tatu ni mpira wa epidurali. Huu ni uzi wa plastiki ulio wazi ndani, mwembamba mno, unaoachwa mgongoni nje ya utando wa uti. Kwa njia yake dawa ya ganzi hutiwa kidogo kidogo, hata kwa siku tatu au nne. Aghalabu hautumiwi peke yake kwa operesheni kubwa za tumbo, bali pamoja na usingizi mzito. Kazi yake kubwa ni baada ya kuamka, kwa kuwa mgonjwa huweza kukohoa na kuvuta pumzi ndefu bila ya kuhitaji mofini nyingi. Lakini wahitaji mtaalamu wa kuuweka na wauguzi wa kuuangalia usiku na mchana, tena hauwekwi kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri au ambaye vijidudu vimekwisha ingia katika damu yake.

Njia ya nne ni ketamini. Dawa hii iliundwa Marekani mwaka 1962, nayo hutumika katika hospitali nyingi ndogo za Afrika. Sifa yake ni kwamba mgonjwa huondolewa maumivu na fahamu huku akiendelea kuvuta pumzi mwenyewe kwa kawaida, na njia za hewa hupanuka. Kasoro yake ni kuzidisha mate, na kuota ndoto za kutisha wakati wa kuamka. Tena peke yake haimkingi mtu na matapishi kama mpira unavyomkinga.

UCHUNGUZI WASEMAJE?

Msomaji atauliza, "Basi ipi iliyo bora kwa mapafu?" Wataalamu nao wameuliza hivyo, wakahesabu. Mwaka 2000 ulitolewa muhtasari wa majaribio 141, yenye wagonjwa 9,559. Katika hao, waliopewa ganzi ya mgongo au epidurali, iwe peke yake au pamoja na usingizi, walipatwa na nimonia kwa uchache wa asilimia 39 kuliko wengine. Lakini majaribio mengi kati ya hayo yalikuwa ya zamani, na wengi wa wagonjwa walipasuliwa sehemu nyingine, kama miguu, wala si tumbo.

Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya jaribio lililoongozwa na waganga wa Australia, la wagonjwa 915 wenye hatari kubwa, waliofanyiwa operesheni kubwa za tumbo. Nusu walipewa usingizi pamoja na epidurali, na nusu usingizi pamoja na dawa za kawaida za maumivu. Vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini walioshindwa na pumzi walikuwa asilimia 23 katika kundi la epidurali, na asilimia 30 katika kundi la pili. Yaani faida ipo, wala si ya miujiza.

Tena mwaka 2013 jaribio la Ufaransa la wagonjwa 400 waliopasuliwa tumbo lilionyesha jambo ambalo mimi sikulitazamia. Wote walilazwa usingizi mzito. Tofauti ilikuwa ni namna mashine ilivyowavutia pumzi. Kundi la kwanza lilipewa pumzi kubwa, na la pili pumzi ndogo zaidi, na shinikizo dogo la kuvizuia vifuko visifunge, na mara kwa mara pumzi moja ya kuvifungua. Katika kundi la kwanza asilimia 27.5 walipatwa na matatizo makubwa ya mapafu au ya mwili mzima. Katika kundi la pili asilimia 10.5 tu. Basi ni wazi kwamba haitoshi kuuliza ni dawa gani iliyotumika. Yapasa kuuliza pia jinsi ilivyotumika.

NI NANI ALIYEKOSEA?

Niliporudi wodini na maswali yangu, mganga aliyekuwa akimtazama Babu alinisikiliza kwa upole. Akaniambia, "Babu yako alikuja na tumbo lililotoboka. Mkato ulikuwa juu ya kitovu. Tumbo halikuwa tupu, na shinikizo la damu lilikuwa chini. Kama ningekubali achomwe sindano ya mgongo, shinikizo lingeshuka zaidi, na kama angetapika ningekosa ngao. Mkeo mdogo wa nyumbani kwenu alipasuliwa chini ya kitovu, naye ni kijana, tena havuti sigara." Mara nikaona kwamba swali la baba mdogo limejibika. Njia iliyomfaa mkewe isingemfaa Babu.

Kisha mganga akaniuliza, "Je, mzee huvuta?" Nikajibu kwamba amevuta tumbaku tangu ujana wake, naye ana miaka 68. Akasema kuwa moshi huviua na kuvilegeza vile vinyweleo vinavyofagia, na ute huzidi. Mtu wa namna hiyo huingia katika operesheni ufagio wake umekwisha haribika.

Swali lake la mwisho ndilo lililoniumiza. "Baada ya kupasuliwa, alikohoa? Aliketi?"

Nitasema kweli, ijapokuwa naona haya. Siku ya kwanza muuguzi alikuja, akamwambia Babu aketi, avute pumzi ndefu mara kumi kila saa, na akohoe huku amekumbatia mto juu ya kidonda. Alipoondoka, Babu alijaribu kukohoa, akakunja uso kwa maumivu. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake. Nikamshika mkono nikamwambia, "Babu, usikohoe, nyuzi zitakatika. Lala utulie." Shangazi akaniunga mkono. Kila muuguzi alipokuja tulimwambia kuwa mzee amechoka, mwacheni apumzike. Tulimlaza chali siku mbili, tukimfunika vizuri, tukidhani kuwa huo ndio upendo.

Mganga hakunikemea. Alinieleza tu kwamba tumbo hushonwa katika tabaka ngumu zilizo chini ya ngozi, na kwamba mtu akikishikilia kidonda kwa mto, kikohozi cha kawaida hakikati nyuzi. Lakini ute uliolala mapafuni siku mbili hauna huruma.

Baadaye nilisoma habari ya jaribio lililotolewa mwaka 2018, la wagonjwa 441 wa Australia na New Zealand waliokuwa wakingoja kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Wengine walipewa kijitabu tu. Wengine walipewa kijitabu, kisha wakaketi na mtaalamu wa mazoezi kwa nusu saa hivi kabla ya operesheni, akawaeleza kwa nini wavute pumzi ndefu na kukohoa mara tu wakiamka, akawafundisha namna yake. Katika kundi la kijitabu asilimia 27 walipatwa na matatizo ya mapafu. Katika kundi la mafunzo asilimia 12. Nusu saa ya maneno ilipunguza ugonjwa kwa zaidi ya nusu. Nami kwa sentensi moja nilikuwa nimefanya kinyume chake.

Basi jibu la ugomvi wetu ni hili. Nusukaputi ilichangia, kwa maana hakuna usingizi usioyagusa mapafu. Tumbaku ilichangia. Ugonjwa wenyewe ulichangia. Lakini sisi tuliosimama kando ya kitanda tulichangia pia, na katika hayo yote, letu ndilo lililokuwa rahisi kuepukwa. Niliyasema haya mbele ya ukoo, na nilianza kwa kujitaja mwenyewe. Shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Basi kesho tumketishe." Tukamketisha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, wenye wagonjwa 11,422 waliopasuliwa. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya operesheni, na katika waliofariki, zaidi ya 9 kati ya 10 walifariki baada ya siku ya operesheni kupita. Yaani hatari kubwa haiko katika chumba cha kupasulia tu. Iko pia wodini, ambako wauguzi ni wachache na ndugu ni wengi. Kwa hiyo ndugu tukijua la kufanya, sisi ni msaada. Tusipojua, sisi ni mzigo. Haya ndiyo niliyofundishwa:

1. Mtu anayengojea operesheni isiyo ya haraka aache sigara mapema, majuma manne au zaidi kabla ya siku yenyewe. Hata muda mfupi kuliko huo ni afadhali kuliko kutoacha.

2. Amwambie mganga kweli yote: kama ana pumu, kikohozi kisichokwisha, aliwahi kuugua kifua kikuu, au huvuta tumbaku. Kuficha ni kumfunga mganga macho.

3. Afuate amri ya kufunga. Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, lakini amri ya hospitali ndiyo ya kufuatwa. Anayemletea mgonjwa uji kwa siri humhatarisha mapafu.

4. Aulize atalazwa kwa njia gani na kwa sababu gani. Kuuliza si utovu wa adabu. Lakini asichague njia kwa kuwa jirani alifanyiwa hiyo. Mkato wa jirani si mkato wake.

5. Akiamka asivumilie maumivu kimya kimya. Anayeumwa sana hawezi kukohoa. Amwite muuguzi apewe dawa kwa kipimo chake.

6. Aketi mapema, kichwa cha kitanda kiinuliwe, avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho, akohoe amekumbatia mto, apige mswaki, na atembee hatua chache mara muuguzi atakapomruhusu.

7. Pumzi zikiwa za haraka, homa ikipanda, au midomo ikiwa ya rangi ya bluu au kijivu, muuguzi aitwe mara moja. Tusingoje kukuche.

Babu alitiwa dawa za kuua vijidudu, akapewa oksijeni, akafundishwa tena kukohoa, na siku ya 19 akatoka hospitali. Ameacha tumbaku, ingawa asema kwamba ni kwa muda. Zamani alikuwa akipanda kilima cha nyumbani kwetu bila ya kusimama. Sasa husimama mara mbili. Nilipokwenda kumuaga kurudi shuleni, nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa yale niliyomwambia wodini. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akajishika tumbo, akanitazama, akasema, "Umeona, mjukuu wangu? Nyuzi hazikukatika."